Jiko Chini ya Kitanda cha Mzazi

Mwaka ule baridi iliingia Likoni bila kupiga hodi. Ilikuwa mwezi wa saba. Kusi, ule upepo wa kusini, ilivuma mchana kutwa na manyunyu hayakukatika. Mwuza madafu wa karibu na feri alijifunga shuka mbili na kuvaa kofia ya sufu. Watu wakasema akipiga chafya madafu yanapasuka yenyewe.

Kweli, baridi ya Mombasa mtu wa Limuru, kule milimani, angeivulia shati. Lakini watu wa Likoni si watu wa Limuru. Damu yao imezoea jua. Jua likijificha siku mbili tu, wanaanza kuulizana kama kuna msiba.

Aliyeichukia baridi hiyo kuliko wote ni Bi Mwanasaumu. Alikuwa na sababu. Jalila, mke wa mwanawe Rama, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mtoto akapewa jina la bibi yake, naye pia ni Mwanasaumu. Tangu siku hiyo bibi hakumwita mjukuu kwa jina. Alimwita "Somo", kama watu wa jina moja wanavyoitana.

Bi Mwanasaumu akaliacha shamba lake la kijijini Shika Adabu. Kuku akawakabidhi kwa jirani. Rama akaja kumchukua kwa tuktuk yake ili akamlee Jalila. Mama mtu alipanda akiwa amepakata jiko la udongo, jeusi kwa uzee.

"Mama, jiko tunalo nyumbani," Rama alisema.

"Mnalo la kupikia. Hili ni la mzazi."

Kwa watu wa pwani, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi mpaka atoke arobaini. Siku hizo zote hulindwa na baridi. Hukandwa kwa maji ya moto. Hunyweshwa uji wa pilipili manga. Na zamani, chini ya kitanda chake liliwekwa jiko la makaa.

"Hata wewe ulikaushwa juu ya jiko hili," Bi Mwanasaumu alimwambia mwanawe.

"Ndiyo maana nikatoka mweusi hivi?"

"Nyamaza, uendeshe."

Nyumba ya Rama ilikuwa mpya. Ilikuwa ya bloku, paa la mabati, madirisha ya vioo na mlango wa chuma. Rama aliijenga kidogo kidogo, na aliipenda kama mtu anavyopenda viatu vipya. Mama yake aliingia chumba cha mzazi, akambeba Somo, akaketi kitandani. Upepo ukamgusa shingoni. Akatazama juu. Juu ya dirisha, karibu na paa, aliona bloku zenye matundu. Kusi ilikuwa ikipiga mluzi ndani yake.

"Rama!"

"Naam, mama."

"Hii ni nyumba au ni chujio?"

"Hayo ni matundu ya hewa, mama. Fundi alisema lazima yawepo."

"Huyo fundi amewahi kuzaa?"

"La."

"Basi mambo ya uzazi aniachie mimi. Ziba."

Rama alimtazama mkewe. Jalila alimtazama mumewe. Wote wawili wakatazama sakafu. Rama akapanda juu ya stuli, akaanza kusokomeza magunia na magazeti kwenye matundu. Mama yake alisimama chini akimwelekeza. Kila penye mwanga aliona adui. Walipomaliza, hata mbu akitaka kuingia angelazimika kuandika barua ya maombi.

"Mama," Jalila alisema kwa sauti ya upole, "hakutakuwa na joto sana?"

"Joto ndilo tunalolitafuta, mwanangu."

Bi Mwanasaumu hakuwa mjinga. Makaa aliyawashia uani. Aliyapepea mpaka moshi ukaisha na makaa yote yakawa mekundu. Ndipo akaliingiza jiko chumbani na kulisukuma chini ya kitanda.

"Moshi nimeuacha nje," alisema. "Ndani naleta joto tupu."

Na joto lilikuja. Chumba kikawa kitamu. Paka wa nyumbani, ambaye hakuwa na desturi ya kumwamkia mtu, akaingia bila kuitwa na kulala chini ya kabati. Bi Mwanasaumu alitabasamu. Nje dunia ilikuwa ikitetemeka. Ndani, somo yake alikuwa kama yai chini ya kuku.

Kesho yake Jalila alishika paji la uso.

"Mama, kichwa chaniuma."

"Ni njaa. Mzazi hula kwa watu wawili. Kunywa uji."

Jalila akanywa uji. Kichwa kikaendelea kuuma, na sasa tumbo nalo likachafuka.

"Ni uchovu. Lala."

Jalila akalala, akaamka amechoka zaidi. Mchana huo Bi Mwanasaumu mwenyewe aliinuka kitandani, na mguu ukamwendea kando kama mguu wa mtu mwingine. Akashika ukuta. Alitoka uani kuchota maji, kichwa kikapoa. Alirudi ndani, kichwa kikaanza kugonga kama ngoma ya harusi.

Akaketi, akafikiri. Nje mzima, ndani mgonjwa. Basi kitu kibaya kimo humu ndani. Hadi hapo alifikiri sawasawa. Kisha akapotea njia.

"Ni jicho la hasidi," alisema. "Juzi yule jirani yenu Kafedha alichungulia hapa. Alisema mtoto huyu mzuri ajabu. Na hakusema mashallah!"

"Mama, Kafedha ni Mkristo," Jalila alijibu kwa shida.

"Hasidi hana dini."

Bi Mwanasaumu akaufunga mlango vizuri zaidi. Chini ya mlango akasokomeza tambara. Kisha akachukua chetezo, akatia makaa mengine mekundu, akanyunyiza udi juu yake. Sasa makaa yalikuwa chini ya kitanda na makaa yalikuwa juu ya meza. Paka akatoka chini ya kabati. Alitembea ubavu kama kaa wa pwani, akagonga mguu wa meza, akakaa chini akionekana kufikiria maisha yake.

"Umeona?" Bi Mwanasaumu alinong'ona. "Hata paka amelogwa."

Saa hiyo hiyo sauti ikasikika mlangoni.

"Hodi! Hodi hapa!"

Alikuwa Gladys. Gladys ni mhudumu wa afya wa mtaa huo. Kazi yake ni kutembelea nyumba, hasa nyumba zenye watoto wachanga. Alivaa buti za mvua na mwavuli wake ulikuwa umepinduliwa na upepo mara nyingi, hata haukujua tena upande upi ni wa juu.

"Hodi!" aliita tena. Hakuitikiwa. Akasukuma mlango. Tambara likaburuzika. Joto likampiga usoni. Alimwona Bi Mwanasaumu ameegemea ukuta, amempakata Somo. Alimwona Jalila kitandani, macho nusu wazi. Aliona wekundu chini ya kitanda.

Hakuamkia. Hakuketi.

"Nje! Tokeni nje wote!"

"Wewe binti," Bi Mwanasaumu alisema kwa ulimi mzito, "mzazi hatoki..."

"Leo atatoka. Nipe mtoto, bibi. Nipe!"

Gladys akamchukua Somo. Kwa mkono wa pili akamwinua Jalila. Aliliacha jiko palepale, hakupoteza muda nalo. Akaacha mlango wazi. Wakatoka hadi barazani, kwenye manyunyu na upepo. Bi Mwanasaumu akawafuata akishika ukuta.

Somo alikuwa amelala. Gladys alimfunua uso. Alimgusa shavu. Akamsugua nyayo kwa kidole.

"Mbona analala hivi?" Bi Mwanasaumu aliuliza. Gladys aliendelea kusugua. "Gladys! Mbona somo yangu analala hivi?"

Upepo ule ule aliouchukia ukapita kwenye uso wa mtoto. Bi Mwanasaumu hakuuzuia. Alisimama mikono kifuani.

Somo akakunja uso. Akafungua mdomo. Akalia kilio ambacho, wanasema mashahidi, kilisikika mpaka ng'ambo ya pili, na abiria wakadhani feri imepiga honi.

"Alhamdulillahi," Bi Mwanasaumu alisema, akakaa chini sakafuni.

Gladys alimpigia Rama simu. Rama akaja na tuktuk mbio. Wote wakapelekwa hospitali.

"Lakini sasa tunajisikia nafuu," Jalila alisema njiani.

"Hata kama," Gladys alijibu. "Sumu hii huingia kwenye damu. Ni lazima daktari awaangalie, hasa wewe na mtoto."

Hospitalini waliwekewa hewa safi ya oksijeni. Daktari aliwaangalia mmoja mmoja. Kisha akasema watapona, na kwamba mhudumu aliwahi. Bi Mwanasaumu alielewa yale ambayo daktari hakuyasema.

Walirudi nyumbani salama. Lakini Bi Mwanasaumu alikuwa amebadilika. Hakumtania mtu. Uji aliupika bila kusimulia habari. Mtoto hakumbeba mpaka aombwe. Gladys alipokuja kuwatazama, alimkuta uani akifunga mizigo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Wenda wapi?"

"Narudi kwangu Shika Adabu. Kuku wananihitaji. Watu hapa hawanihitaji."

"Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema. Mimi mwenyewe naona. Nimezaa watoto wanane juu ya jiko lile, wallahi, na hakuna aliyeumwa hata kichwa. Leo jiko lile lile lataka kuniulia somo yangu. Basi ama mimi ni mwongo, ama nimekuwa mchawi na sijijui."

Gladys akavuta kigoda, akaketi.

"Bibi, si mwongo wala si mchawi. Hebu niambie. Hao wanane uliwazalia nyumba gani?"

"Nyumba gani? Nyumba yangu ya udongo. Ya makuti."

"Ilikuwaje?"

Hapo Bi Mwanasaumu akasahau kidogo kwamba amekasirika. Nyumba yake aliipenda.

"Ah, ile! Ilikuwa nyumba, si mchezo. Kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi, paka anapita na panya mdomoni bila kuinama. Nilikuwa nikilala chali naona nyota. Siku moja mwizi mwembamba aliingilia juu, akanikuta macho, nikamwambia rudi ulikotoka. Akarudi huko huko juu. Ukipika ndani, moshi wapotea wenyewe. Nyumba ile ilikuwa ikipu..."

Akauacha mzigo.

"Ilikuwa ikifanyaje, bibi?"

"Ilikuwa ikipumua," alisema polepole. Akageuka, akaitazama nyumba ya bloku ya mwanawe. Mabati. Vioo. Mlango wa chuma. "Na hii mimi nimeiziba pua."

"Ndivyo hasa," Gladys alisema. "Jiko ni lile lile. Nyumba si ile."

"Lakini moshi niliuacha nje, Gladys. Makaa yalikuwa mekundu, safi."

"Hilo ndilo linalowadanganya wengi. Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo si moshi. Haina rangi. Haina harufu. Makaa yakiwa mekundu bila moshi, sumu bado ipo. Nyumba yako ya makuti iliitoa nje. Chumba kilichofungwa huiweka ndani, na watu huivuta. Kwanza kichwa kinauma. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Kisha usingizi. Na ukilala usingizi huo, huenda usiamke."

"Na udi?"

"Udi fukiza, lakini mlango uwe wazi, na mzazi na mtoto wawe nje ya chumba. Chetezo nacho kina makaa. Stovu ya mafuta pia usiitumie kuotea moto ndani. Tena godoro hili la siku hizi, cheche moja tu inatosha kulichoma."

Bi Mwanasaumu alitikisa kichwa.

"Basi nimefahamu. Lakini baridi je? Kusi haijaenda. Mtoto atetemeke?"

"Hapana. Ndiyo maana nimekuja tusaidiane. Fungua mizigo yako, bibi. Kazi hii yahitaji mtu aliyelea wanane."

Walianza na kile kilichokuwa muhimu kuliko vyote. Rama alipanda juu ya stuli na kuzibua matundu ya hewa. Mama yake alisimama chini akimwelekeza.

"Na lile pale! Na lile pembeni! Mwanangu, waacha tundu na macho unayo!"

"Mama, juzi ulinisifu kwa kuyaziba."

"Juzi ni juzi."

Kisha Gladys akawaonyesha kwamba matundu hayo ya juu siyo yaliyokuwa yakimtesa mzazi. Alilowesha mkono, akaupitisha chini ya mlango. Baridi ilikuwa ikiingilia hapo, ikatambaa sakafuni mpaka kitandani. Bi Mwanasaumu akajaribu mkono wake mwenyewe.

"Kumbe adui alipita chini, nami nikapigana juu!"

Alichukua kanga iliyochakaa, akaishona kama mfuko mrefu. Akaijaza makumbi ya nazi, akaifunga ncha zote mbili. Akailaza chini ya mlango kuzuia upepo. Jioni Rama aliporudi aliliona lile joka limejilaza ndani ya nyumba yake. Alirukia kitini. Kutoka kitini akarukia meza. Mkewe alicheka mpaka akaomba ashikwe.

Kitanda kilikuwa kimeegemea ukuta wa kusi. Ukuta huo hupigwa na mvua, na ukiugusa una unyevu. Wakakihamishia ukuta wa ndani. Chini ya godoro wakatandika maboksi yaliyokunjuliwa, na juu ya maboksi mkeka wa ukindu.

"Baridi ya kitandani hutoka chini," Gladys alieleza. "Unaweza kujifunika mablanketi mengi juu, na mgongo ukabaki baridi."

Nepi za Somo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba chumbani. Gladys akazihamishia barazani, chini ya paa. Nguo mbichi hujaza chumba unyevu, na chumba chenye unyevu ni baridi zaidi. Dirishani wakatundika pazia la kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Jua likichomoza mchana, pazia lafunguliwa, dirisha lafunguliwa, chumba chakauka. Jua likianza kushuka, dirisha la upande wa upepo lafungwa na pazia larudishwa. Matundu ya juu hayaguswi.

Jiko la udongo nalo halikufukuzwa. Lilirudi uani, mahali pake. Juu yake Bi Mwanasaumu alichemsha maji ya kumkanda Jalila. Alipika uji wa pilipili manga. Maji mengine aliyatia kwenye chupa, akaifunga vizuri na kuizungushia taulo. Chupa hiyo ilipasha kitanda moto kabla ya kulala. Mtoto akitaka kulazwa, chupa huondolewa kwanza, isije ikamchoma.

"Na yeye mwenyewe?" Bi Mwanasaumu aliuliza. "Somo tumvishe nini?"

"Kofia na soksi. Nguo mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito. Uso usifunikwe kamwe. Lakini jiko lake bora zaidi ni hili hapa." Gladys akagusa kifua cha Jalila. "Mvue nguo, abaki na nepi na kofia. Mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha wafunike wote wawili kwa shuka. Mama awe macho. Mwili wa mama humpa mtoto joto kamili, lisilozidi wala kupungua."

Jalila akajaribu. Somo akatulia kifuani pake kama aliyefika kwao. Bi Mwanasaumu akaweka mkono juu ya mgongo mdogo ule. Ulikuwa wa moto.

"Na bibi?" aliuliza. "Bibi naye ana kifua?"

"Hata bibi anaweza."

"Basi lete. Zamu yangu."

Wiki zikapita. Kusi iliendelea kuvuma. Mwuza madafu aliongeza shuka ya tatu. Katika chumba cha mzazi hakuna aliyeumwa kichwa. Somo alinenepa, mikono yake ikafanya mikunjo kama mkate wa sinia uliokatwa. Jalila alipata nguvu. Paka alirudia tabia yake ya kutomwamkia mtu.

Siku ya kutoka arobaini nyumba ilijaa wanawake. Palikuwa na wali wa nazi na mchuzi wa kuku. Hao kuku walitoka Shika Adabu, na hawakurudi. Somo alivikwa nguo mpya, akapokezwa mkono kwa mkono. Bi Mwanasaumu alisimulia habari yote. Katika masimulizi yake Gladys alivunja mlango wa chuma kwa bega, na paka alianguka mara saba. Lakini habari ya hewa isiyo na harufu hakuiongezea chumvi. Hiyo aliisema taratibu, akawatazama wanawake machoni.

Kafedha, yule jirani, alikuwa amekaa karibu na mlango. Bi Mwanasaumu alikuwa amempakulia sahani yeye mwenyewe, akaijaza mpaka ikawa aibu kuibeba. Wageni walipoanza kuondoka, Kafedha alimsogelea.

"Mtoto ni mzuri, bibi. Mashallah," alisema. Alikuwa amefundishwa na Jalila. "Sasa nina ombi. Binti yangu Dama amekaribia kujifungua, na chumba chake ni baridi kama kisima. Habari yako nimeisikia. Lakini mimi moto huo nauweka kidogo tu, tena kwa muda mfupi. Niazime lile jiko lako la mzazi."

Jalila aliacha kuosha vyombo. Gladys alifungua mdomo ajibu. Bi Mwanasaumu alimzuia kwa mkono.

"Jiko ni la uani, mwanangu. Ukitaka la kuchemshia maji, chukua. Lakini kwanza nionyeshe hicho chumba."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Wakavuka uchochoro, Bi Mwanasaumu akiwa bado na nguo yake ya sherehe. Dama aliwakaribisha, tumbo mbele. Alileta kiti. Bi Mwanasaumu hakukaa. Hakutazama kabati wala televisheni mpya. Alitazama juu, pale ukuta unapokutana na mabati.

"Matundu ya hewa yako wapi?"

"Tuliyaziba wiki iliyopita," Kafedha alijibu. "Si kwa baridi hii?"

Bi Mwanasaumu akavua viatu. Akakunja nguo yake ya sherehe, akaikaza kiunoni.

"Dama, nipe stuli," alisema. "Kafedha, shika miguu ya stuli. Ishike vizuri, mimi si mwepesi."

Akapanda mwenyewe, akaanza kuzibua.